Tarehe Niliyoiandika Bila Kuangalia Mwezi

Bibi yangu mzaa baba hakujua kusoma, lakini ukimuuliza leo maji yanapwa saa ngapi alikujibu bila kuinua uso kwenye ukili wake. Alikuwa na hesabu moja tu, ya mwezi tangu ulipoandama. Mwezi wa siku mbili, maji yanapwa kwenye saa nne asubuhi. Kesho yake yanachelewa kiasi cha dakika hamsini, keshokutwa vilevile, na mwezi ukitimia siku saba au nane alisema, "Leo hapana pwani, maji mafu." Siku hizo mwamba haufunuki. Unabaki chini ya maji ya kiunoni au kifuani, na mwanamke wa miguu hana lake huko. Basi bibi alisuka mkeka, alikwenda shamba kupalilia muhogo, alikwenda kuwatazama wagonjwa. Mwezi ukikaribia kumi na tano alitoa kikapu chake, akatafuta chuma chake cha pweza, nasi watoto tukajua bamvua limeingia, yaani siku za maji kupwa na kujaa sana.

Kijiji chetu kiko pwani ya mashariki ya Unguja. Mbele yake kuna uwanda mpana wa mchanga, majani ya bahari na mawe, na mbali kabisa mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjikia kwenye mwamba wa nje. Bamvua likitoa maji unaweza kutembea karibu mpaka kwenye mstari ule. Likijaza, maji yaleyale yanakuja kulamba mizizi ya minazi. Kwenye bamvua kubwa, lile la miezi ya Machi na Septemba, tofauti ya kujaa na kupwa huku kwetu inakaribia mita nne. Mgeni akiona asubuhi watu wanatembea mahali ambapo jana jioni ngalawa ilipita na tanga lake, hushangaa. Sisi tumezaliwa ndani ya hesabu hiyo, na kwa sababu tumezaliwa ndani yake ni rahisi kuisahau. Mimi niliisahau mara moja, na kijiji kizima kikalipa.

Kabla ya kufika huko, niseme kwanza jinsi bahari ile ilivyokuwa ikipumzika.

Kila mwezi wa mbinguni una bamvua mbili, moja la mwandamo na moja la mwezi mpevu, na kila bamvua lina siku tano au sita ambazo mwamba wa karibu unafunuka vya kutosha. Kwa hiyo wanawake walipata siku kumi na moja, kumi na mbili za kuchokoa pweza, na siku kumi na nane mwamba ulilala. Upande wa wanaume kulikuwa na pepo. Kusi ikianza, kwenye Aprili au Mei, bahari ya nje inachafuka, na mtu mwenye ngalawa anafikiri mara mbili kabla ya kutoka mlangoni, ule mwanya wa kupitia mwamba. Mwamba wa nje ukapumzika miezi ile. Kaskazi ikishika, kuanzia Disemba mpaka Machi, bahari inatulia, lakini hapo wengi walikuwa wanakwenda dago: wanapakia nyavu, vyungu na mchele, wanahamia pwani nyingine kwa wiki kadhaa, wanavua huko na kukausha samaki, kisha wanarudi. Wakojani wa Pemba ndio wanaosifika kwa dago kuliko watu wote wa pwani hii, lakini hata kwetu baba alikuwa anakwenda. Alipokuwa dago, bahari ya nyumbani ilikuwa na mikono michache.

Hakuna aliyekaa kikao akasema tuifunge bahari. Ilifungwa na mwezi na upepo, na mila za watu zikakaa juu ya mapengo hayohayo: arusi nyingi, safari za kutembeleana, kazi ya shamba, zote ziliingizwa kwenye maji mafu au kwenye kusi kali. Nimekuja kuamini kwamba utamaduni wa watu wa mahali fulani ni namna walivyojifunza kukaa ndani ya kipimo walichopewa na mahali hapo. Aliyewahi kuingia kwenye nyumba kongwe za Mji Mkongwe atakumbuka vyumba vyake, virefu na vyembamba. Wembamba ule umetokana na mkoko. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri haizidi sana mita tatu, basi fundi hakuweza kujenga chumba kipana zaidi ya mti wenyewe. Ukuta ulimtii mti. Bibi naye alimtii mwezi vivyo hivyo.

Nilikuwa na miaka tisa au kumi aliponionyesha pweza anayelea. Tulikuwa mbali, karibu na mawimbi, na nilikuwa nimelipata tundu peke yangu, kwa hiyo nilikuwa na furaha isiyo kifani. Pweza wa kawaida ukimtia chuma mlangoni anakikumbatia, udadisi wake ndio unaomponza. Huyu hakukishika. Tundu lake lilikuwa limezibwa kwa vijiwe vilivyopangwa kutoka ndani, limebaki tobo dogo tu. Nilianza kuviondoa vile vijiwe. Bibi akanishika kifundo cha mkono.

"Mwache, analea."

Akanieleza kwamba ndani, kwenye dari ya pango, kumening'inia mayai kama vishada, madogo kuliko punje ya mchele, na mama yao anakaa nayo akiyapulizia maji usiku na mchana, hali chakula. Nilimuuliza atatoka lini. Akasema hatatoka. Watoto wakishatoka yeye anakufa palepale. Sikumwamini. Nilidhani ni kisa cha kunitisha nisimguse. Miaka mingi baadaye nilikaa kwenye mafunzo ya wavuvi, mtaalamu akaeleza mambo hayohayo: pweza jike huzaa mara moja tu katika maisha yake, hulea mayai yake mpaka yaanguliwe, kisha hufa, na maisha yake yote kwa kawaida hayazidi sana mwaka mmoja. Nilikaa pale nikiona kile kifundo cha mkono wangu. Bibi alikuwa ameshafariki.

Alikuwa na mengine. Jiwe ulilolifunua ulirudishe kama ulivyolikuta, kwa sababu lina wapangaji upande wa chini. Usikanyage tumbawe lililo hai. Kijipweza usichoweza kumshibisha nacho mtoto mmoja, mwache. Leo sheria inasema pweza wa chini ya gramu 500 asivuliwe, na watu wanaisikia kama amri ya serikali, lakini mimi nilipoisikia mara ya kwanza nilisikia sauti ya bibi.

Sasa, mapumziko yale yalivunjikaje? Si kwa ubaya wa mtu. Katika miaka ya 1990 wanunuzi walianza kuja na masanduku ya barafu. Zamani pweza ambaye hukumla wala kumuuza siku ileile ulilazimika kumkausha juani, na soko la pweza mkavu lilikuwa dogo, basi hapakuwa na sababu ya kuchukua kumi. Barafu ilipofika, kumi wakawa na thamani, na ishirini pia, maana kulikuwa na viwanda vya kuwagandisha na kuwapeleka Ulaya. Wakati huohuo vijana walipata miwani ya kuzamia na mapezi. Mzamiaji hahitaji mwamba ufunuke. Maji mafu kwake ni afadhali, kwa sababu mkondo ni mdogo na maji ni meupe, anaona mbali. Kisha zikaja mashine za boti, na kusi haikuwa tena ukuta.

Hebu fikiri hesabu ile. Siku kumi na nane za mapumziko ya kila mwezi zilikwisha ndani ya miaka michache, na hakuna aliyeona zikiondoka, kwa sababu hazikuwa zimeandikwa popote. Mwanamke aliyekwenda pwani bamvua likiingia alikuta matundu yaliyokwisha kuchokolewa wiki nzima iliyopita. Wengi waliacha pweza wakashika mwani, kilimo kilichoanza Paje na Jambiani mwaka 1989 na kikaenea pwani yote ya mashariki. Shangazi yangu alikuwa mmoja wao, kamba na vijiti vyake viko palepale mbele ya mwamba. Nitamrudia.

Mwanzoni mwa 2017 walikuja kijijini watu wa mradi fulani wakatuambia juu ya kijiji cha Andavadoaka, Madagaska, ambako tangu 2004 wavuvi hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache ili pweza wakue, kisha huufungua. Pweza anakua haraka mno, walisema, miezi miwili au mitatu tu inatosha kumtoa kwenye nusu kilo mpaka kwenye kilo kadhaa. Kila mtu pale barazani alielewa mara moja. Ilikuwa kana kwamba wametukumbusha jina la ndugu yetu.

Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya wavuvi ya shehia. Nilimaliza kidato cha nne, mwandiko wangu unasomeka. Mkutano ulikuwa mrefu, wazee walitaja mipaka ya eneo kwa majina ya mawe, vijana wakabisha, sheha akatuliza, na mwisho tukakubaliana: mwamba wa kusini mwa mlango ufungwe miezi mitatu, Aprili, Mei na Juni. Ufunguliwe tarehe 1 Julai. Tarehe ilionekana safi. Mwezi unaanza, ripoti inaeleweka, wageni wa mradi wataweza kuja kushuhudia. Kule nyuma, kwenye mkeka wa wanawake, shangazi aliinua mkono. Mwenyekiti hakumwona. Mimi nilimwona. Nilikuwa naandika, mkutano ulikuwa umeshachosha, na adhana ya alasiri ilikuwa karibu, nikaendelea kuandika.

Tulifunga kweli. Sitaki mtu yeyote adhani hatukufunga. Wanawake walikuwa wanapita mbele ya mwamba ule kila bamvua, vikapu mkononi, wanakwenda kwenye mwamba wa kaskazini ulio mbali na wenye mawe makali, wanarudi na pweza mmoja au bila kitu. Idd-el-Fitri ilikuwa wiki ya mwisho ya Juni mwaka ule. Kuna watoto walioswali Idd kwa nguo za mwaka uliotangulia, na mama zao wakawaambia wangoje, mwamba utafunguliwa baada ya siku chache, nguo zitanunuliwa. Nilisikia ahadi hiyo ndani ya nyumba zaidi ya tatu, pamoja na yangu.

Jioni ya Juni 30 nilitoka nje kuanua kanga, nikainua macho. Mwezi ulikuwa umekatika nusu kwa nusu, kama chungwa. Nusu mwezi ni maji mafu. Mtoto wa miaka sita wa kijiji chetu anajua. Nilisimama pale na kanga begani, magoti yakalegea.

Asubuhi wanawake walikuwa pwani wote, karibu mia, wamejifunga vibwebwe, wengine wana watoto wachanga mgongoni. Wageni walikuja, kulikuwa na dua, sheha akatamka kwamba mwamba umefunguliwa. Tukasubiri maji yatoke. Saa zikaenda. Maji yalitoka kidogo, kivivu, kama yanavyotoka siku za maji mafu, yakasimama yakiwa kifuani juu ya mwamba. Wanaume wenye ngalawa walikuwa wameshaingia, na boti za mashine za vijiji vingine pia, maana habari ilikuwa imesambaa mpaka mbali, na sisi hatukuwa tumeandika popote nani ana haki ya kuingia siku ya kwanza. Tuliwaona vijana wakizama na kuibuka, kila mmoja na pweza wawili watatu kwenye waya, pweza wakubwa ambao nilikuwa sijawaona tangu bibi alipokuwa hai. Tajiri wa pweza, yaani mnunuzi, alikuwa na mizani yake mchangani, foleni mbele yake, na katika foleni ile hapakuwa na mwanamke. Kufika bamvua lililofuata, wiki moja baadaye, mwamba ulikuwa mweupe, hauna kitu.

Shangazi alinipita njiani akiwa amebeba kikapu kitupu. "Ulimfungia nani, mwanangu?" Hakusema zaidi. Hakuwa na hasira hata, na hilo ndilo lililoniumiza.

Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka. Kusi ilipokuwa inafunga bahari ilimfungia kila mtu, tajiri na maskini, na ilipotulia ilimfungulia kila mtu. Hakuna aliyewahi kumlalamikia mwenyekiti wa kusi. Lakini sisi tulipochukua kazi ya upepo mikononi mwetu, tulichukua pia na haki yake, na haki hiyo inakaa ndani ya vitu vidogo sana: tarehe, saa, nani anaingia kwanza, nani anamiliki chombo. Sikuwa nimefikiri kwamba kalenda ina upande. Kumbe tarehe 1 Julai ilikuwa tarehe ya mwenye boti. Ukihesabu kwa mwezi wa bibi, siku ya kufungua isingeweza kuangukia maji mafu hata kwa bahati mbaya.

Baada ya hapo kwa miezi mingi hakuna aliyetaka kusikia neno kufunga. Nilijaribu kujiuzulu ukatibu, sheha akakataa, akasema aliyeharibu hesabu ndiye aifahamuye hesabu. Februari 2018 wanawake waliomba kikao wao wenyewe, na safari hii niliweka kalamu chini nikasikiliza. Walikuja na masharti. Kufunguliwe siku ya bamvua, mwezi ukishahesabiwa na watu wazima. Siku ya kwanza waingie wa miguu peke yao, vyombo vingoje mpaka kesho yake. Wa nje ya shehia wapewe siku zao baadaye, kwa ruhusa. Na kufunguliwe kabla ya Idd, si baada yake. Mwanamume mmoja aliuliza mbona masharti ni mengi. Mzee mmoja, aliyekwenda dago na baba yangu, akamjibu kwamba dago nalo lilikuwa na masharti: ukifika pwani ya watu unapiga hodi kwa wenyewe, unaonyeshwa pa kukaa na pa kuvua, na huondoki na kisima chao. Hapo kikao kikatulia.

Nilikuwa nimeolewa na mtu wa Pemba, na wakwe zangu walinihadithia juu ya kisiwa cha Misali, upande wa magharibi wa Pemba. Inasimuliwa kwamba Nabii Khidhri alipofika huko aliomba msala wa kuswalia, hapakuwa na msala, akasema basi kisiwa hiki ndicho msala, na jina likabaki. Kisiwa hicho kimekuwa hifadhi tangu 1998, na wakwe zangu wanasema wavuvi walielewa zaidi walipoelezwa kwamba wanalinda amana ya Mungu kuliko walipoonyeshwa kifungu cha sheria. Sikulisema hili kwenye kikao kwa kutaka kuwatia watu hofu. Nililisema kwa sababu watu walikuwa wanatafuta neno la kuita jambo lile, na "amana" lilikuwa neno ambalo kila mmoja alilijua tayari. Sheria ya uvuvi ya Zanzibar ya 2010 tunayo, kamati yetu inaitegemea, lakini sijawahi kumwona mtu akiacha pweza mdogo usiku wa giza kwa sababu ya kifungu.

Tukafunga tena, mwanzo wa Machi. Wiki ya tatu ya Aprili nilikuwa zamu ya ulinzi wa asubuhi. Wanawake wa mwani walikuwa wanarudi na mavuno, viroba vinadondosha maji. Shangazi alikuwa nyuma ya wote, kiroba kizito kuliko umri wake. Nikaenda kumtwika. Nilipokishika kwa chini, nilihisi kitu kinasogea ndani ya mwani, laini, kisha kikanishika kidole kupitia tundu la kiroba.

Tulitazamana. Kanga yake ilikuwa na doa la wino.

"Mwani umekufa wote ule wa bei nzuri," alisema kwa sauti ya chini. "Maji yamekuwa moto. Huu uliobaki kilo yake haininunulii hata sabuni. Nina wajukuu wanne ndani. Niambie nile nini mpaka Ramadhani."

Alikuwa anasema kweli kuhusu mwani. Aina iliyokuwa na bei, tunayoiita kotonii, imekuwa ikifa kwenye maji ya kina kifupi kadiri bahari inavyozidi joto, inakuwa myeupe ncha zake na kukatika, na wanawake wengi wa pwani yetu wamebaki na spinosumu yenye bei ndogo. Nilimtwika kiroba. Sikusema kitu siku ile wala kesho yake. Siku ya tatu nilikwenda nyumbani kwake nikamwambia nitalipeleka kwenye kamati, kwa sababu nisipolipeleka la shangazi yangu sitaweza kulipeleka la mtu mwingine. Akanijibu, "Lipeleke. Lakini na mimi nipelekwe, nisisemewe."

Akaja barazani akasimama mwenyewe. Alilipa faini, akailipa kwa mafungu. Lakini aliyoyasema hayakuwa ya kuomba radhi tu. Alisema bahari ya zamani ikifungwa na kusi ilikuwa haifungi kila kitu: mwamba wa nje umefungwa, lakini kule ndani, kwenye majani na mchanga, mwanamke alikuwa anaokota chaza, kombe, na pweza wadogo wa kitoweo. Palikuwa na mlango mmoja unaofungwa na mwingine unaobaki wazi. "Nyinyi mmefunga milango yote miwili kwa kufuli moja."

Kamati ilinyamaza muda mrefu. Hapana mtaalamu aliyekuwa ametuuliza hilo, na hata sisi tuliokulia pale hatukuwa tumejiuliza. Tulisogeza mpaka. Ukanda wa ndani, kutoka mchangani mpaka kwenye jiwe refu, ukaachwa wazi mwaka mzima kwa wa miguu, kwa kitoweo tu, bila kuuza kwa tajiri. Mwamba wenyewe ukabaki umefungwa. Tangu siku ile wizi ulipungua kuliko ulivyopunguzwa na zamu zetu zote za ulinzi.

Tulifungua kwenye bamvua la katikati ya Ramadhani, mwishoni mwa Mei. Wanawake walikuwa na swaumu. Maji yalipwa kwenye saa nne kama yalivyoahidi, mwamba ukatoka majini mweusi na kung'aa, na tukaingia kwa pamoja, taratibu, hakuna aliyekimbia. Sikumbuki kelele. Nakumbuka sauti ya maji kwenye vifundo vya miguu na wanawake wakiitana kwa majina. Nilipata pweza wanne, mmoja alizidi kilo tatu. Msichana wa jirani yangu, ambaye alikuwa hajawahi kumshika pweza maishani mwake, alitoa mmoja akaanza kulia kwa furaha na uoga, amezungushiwa mikono mpaka kiwikoni. Saa sita maji yalirudi yakatufukuza, tukatoka. Vyombo viliingia kesho yake, navyo vilipata, na hakuna aliyesema vimepata kidogo.

Sitaki kusema kwamba mambo yametengemaa. Mwaka 2016 matumbawe ya pwani hii yaliungua kwa joto, kama yalivyoungua 1998, na sehemu nyingine hazijarudi. Boti za mbali bado zinakuja usiku. Kuna mwaka tulishindwa kabisa kukubaliana tukaacha kufunga. Pepo zenyewe zinawachanganya wazee: maleleji, pepo za kati ya kusi na kaskazi, yanakuja mapema au hayaji, na wanaohesabu kwa miongo, makumi ya siku tangu Nairuzi, mwaka mpya wa jua, wanasema siku zipo, upepo wake haupo. Mwezi peke yake ndio haujabadilika, na kupwa na kujaa kwake.

Daftari la kamati sasa lina safu mbili. Moja ni ya tarehe, kwa ajili ya ofisi. Nyingine ni ya mwezi wa siku ngapi, na hiyo siijazi mimi. Shangazi amezeeka, haendi tena mpaka kwenye mawimbi, lakini jana baada ya magharibi aligonga dirisha langu kwa fimbo yake.

"Umeandama," alisema. "Andika."

Nikachukua kalamu.